Jimbo limepata ruzuku ya maandalizi ya CCBHC, je mishahara yetu imepona?

Swali limetoka kwa dada mmoja yuko Marekani, ni mkalimani wa Kiswahili na Kinyarwanda kwenye kliniki ya afya ya akili, mji wenye Wakongo na Warundi wengi. Nalifupisha (CCBHC ni kliniki ya jamii ya afya ya akili na uraibu yenye cheti, SAMHSA ni idara ya serikali kuu ya mambo hayo, Medicaid ni bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, na PPS ni malipo ya Medicaid kwa bei moja iliyopangwa kabla): "Kaka shikamoo. Kliniki yetu ina ruzuku ya SAMHSA ya CCBHC na inaisha mwakani. Meneja anasema tusiogope kwasababu jimbo limepewa ruzuku ya maandalizi, halafu tutahamia malipo ya PPS. Hizo hela za maandalizi zitatulipa? PPS inapigwaje hesabu? Na sisi wakalimani tunaingia wapi maana hatuna kodi (code, namba ya huduma) ya kudai Medicaid?"

Marahaba dada. Hujataja jimbo kwahiyo nitajibu kwa jumla, ila mimi kazi yangu ndio hizi ripoti za gharama za kliniki na swali lako nalisikia kila wiki.

Kwanza meneja wako kachanganya mifuko mitatu, na sio yeye peke yake. Ruzuku mliyonayo inatoka SAMHSA moja kwa moja kuja kwenye kliniki, kawaida mpaka dola milioni 1 kwa mwaka kwa miaka 4, jimbo haliigusi. Ruzuku ya maandalizi ni ya jimbo lenyewe, nayo ni mpaka milioni 1 kwa jimbo zima, na kazi yake ni kulipa watu wa ofisini wapange jinsi ya kuzikagua kliniki na kuzipa cheti, waandae mfumo wa malipo na data, wasikilize wananchi, alafu waombe kuingia kwenye mpango wa majaribio wa Medicaid. Hailipi mgonjwa hata mmoja. Mfuko wa tatu ndio huo mpango wa majaribio, uliotoka kwenye sheria ya 2014, na hapo ndipo PPS ilipo.

Na kupata ya maandalizi sio kupata mpango. 2015 majimbo 24 yalipewa ya maandalizi, mwisho wa 2016 yakachaguliwa 8 tu. 2023 yalipewa 15 mengine, Juni 2024 yakachaguliwa 10 kutoka makundi yote mawili, zikiwemo Iowa, Maine, Indiana na Illinois ambako watu wetu wapo wengi. Tena hata walioingia wanaweza kutoka, Pennsylvania ilianza 2017 ikajitoa 2019 ikaenda na mfumo wake. Kwahiyo kama bajeti ya mwakani imeandikwa kwa kutegemea "jimbo litachaguliwa" mimi nisingelala usingizi.

Kwanini majimbo yanaukimbilia? Mgao. Kwenye mpango wa majaribio serikali kuu inalipa kwa kiwango cha juu kile cha bima ya watoto ya CHIP, yaani fungu la jimbo linapungua kwa asilimia 30. Kama kawaida Washington inalipa 60 na jimbo 40, hapa inakuwa 72 kwa 28. Tangu 2024 jimbo linaweza pia kuziweka huduma hizi kwenye mpango wake wa kawaida wa Medicaid bila kungoja kuchaguliwa, ila hapo mgao unabaki ule wa kila siku, ndio maana wengi wanapenda kupita njia ya majaribio kwanza.

Sasa hesabu, hapa ndio penye utamu na ndio penye maumivu. Chukua gharama zote halali za kliniki kwa mwaka, gawanya kwa siku-za-ziara za wagonjwa WOTE, sio wa Medicaid peke yao. Tuseme gharama ni dola 9,000,000 na ziara ni 30,000, bei yenu ni 300 kwa siku. Mgonjwa akija akaonana na daktari, akapita kwa mshauri wa pombe na akamaliza na mtu wa kumtafutia nyumba, vyote siku hiyohiyo, kliniki inalipwa 300 moja tu. Kuna majimbo yanalipa kwa mwezi badala ya siku, mgonjwa akija mara moja au mara nane mwezi huo malipo ni moja, ila wagonjwa wenye hali nzito wanawekewa bei yao.

Nyie wakalimani mko upande wa juu wa hiyo hesabu, kwenye gharama. Simu yako ya kutafsiri peke yake haihesabiki kuwa ziara, na kwenye majimbo mengi ni kweli huna kodi, lakini vigezo vya CCBHC vyenyewe vinadai kliniki itoe ukalimani kwa wasiojua Kiingereza vizuri, kwahiyo mshahara wako ni gharama halali ya kuendesha huduma. Ni tofauti na mfumo wa zamani wa kodi kwa kodi ambapo mara nyingi mkalimani alikuwa hasara tupu kwenye vitabu. Sasa angalia: tuseme wakalimani wote na madereva ni 450,000 na mhasibu kawasahau. Bei inashuka kutoka 300 mpaka 285. Kama ziara za Medicaid ni 20,000 mmepoteza laki tatu za dola kwa mwaka, kisa mtu kasahau mistari miwili. Nimeshaona kliniki (siitaji) iliyowaweka wakalimani kwenye fungu la "mengineyo", mkaguzi akaikata yote.

Ripoti ya kwanza ya gharama inaruhusu pia kuweka gharama mnazotarajia, watu ambao bado hamjawaajiri lakini vigezo vinawataka, mfano timu ya dharura ya saa 24. Lakini lazima uonyeshe uhitaji, na uhitaji unaonekana kwenye tathmini ya mahitaji ya jamii. Kama hiyo tathmini imeandika "Kihispania na lugha nyingine", ndugu zangu "lugha nyingine" hailipi mshahara wa mtu, inabidi iandikwe Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, masaa mangapi kwa mwezi na wangapi wamerudi nyumbani kwa kukosa mkalimani.

Kitu meneja hajakwambia: PPS inalipia wenye Medicaid tu. Kwenye mfano wetu Medicaid inaleta milioni 6 kati ya 9, ile 3 iliyobaki lazima itoke kwenye bima nyingine, kaunti, hela za jimbo na ruzuku, maana CCBHC hairuhusiwi kumfukuza mtu kwa kukosa hela. Na kwetu hili litauma zaidi, sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inawatoa kwenye Medicaid ya serikali kuu wakimbizi wengi ambao hawajapata green card, kuanzia Oktoba 1, 2026. Watu walewale unaowatafsiria wanabaki kwenye hesabu ya ziara lakini hakuna anayewalipia. Kliniki yenye wakimbizi wengi ikipiga bajeti kwa asilimia ya Medicaid ya mwaka juzi inajidanganya, bora sasahivi mtenge mtu wa kuwasukuma wateja wajaze fomu za green card, mkimbizi anaruhusiwa kuomba akishafikisha mwaka mmoja.

Kwahiyo muulize meneja mambo mawili kabla ya kikao kijacho: ripoti ya gharama itatumia data za mwaka gani, na cheo chako kimekaa mstari gani. Anza leo kuandika masaa yako kwa lugha na kwa mgonjwa, hata kwenye daftari la kawaida. Ukishajua jimbo lenu linaenda na bei ya siku au ya mwezi niandikie tena, maana kama ni ya mwezi hesabu ya mteja anayekuja mara moja tu inabadilika kabisa.