Kumbikumbi waliogandia kwenye boneti: loweka, usisugue

Mkuu, umesema umetoka Kigoma usiku, umeamka Tabora bampa na boneti vimejaa kumbikumbi, na kijana wa kuosha magari ameshakuja na stilwaya. Mwambie airudishe jikoni.

Barabara hiyo ya Uvinza, Kaliua na Urambo naipita sana. Mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi wakitoka jioni wanafuata taa, hukwepi. Cha kufanya ni kuwahi. Majimaji ya mdudu yana asidi, na jua likipiga bati linachemka, yanakula ile klia, tabaka angavu la juu ya rangi. Likishakuwa doa la namna hiyo, maji hayalitoi tena, unahamia kwenye polishi.

Weka gari kivulini bati lipoe kwanza. Tabora miembe haitafutwi, ila msimu wa maembe usililaze gari hapo, utomvu nao ni balaa lingine. Mwagia maji mengi mbele yote ili mchanga na vumbi viondoke, maana mikwaruzo mingi inaletwa na mchanga uliobaki kwenye kitambaa, si mdudu mwenyewe. Kama wana mashine ya presha, wasiisogeze karibu, hasa pale jiwe liliposhabandua rangi; maji yakiingia chini yake yanaibandua zaidi.

Halafu chukua fulana kuukuu ya pamba au taulo, lichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye shampuu ya magari, ulitandaze juu ya wadudu. Liache robo saa hivi, ukiona linaanza kukauka limwagie tena. Masalia ya mdudu ni kama ute wa yai uliokaukia kwenye sahani: ukiyakwangua yanang'ang'ania, yakilowana yanaachia yenyewe. Ukiinua fulana utaona mabawa yameng'oka nayo na vile vichwa vyeusi vimevimba. Hapo pitisha taulo la maikrofaiba lililolowa, unabonyeza kidogo na kuinua, huburuzi. Geuza upande safi kila mara na lisuuze kwenye ndoo ya pili. Asiyetoka usimkazanie, mrudishie fulana.

Sabuni ya unga achana nayo, inaondoa nta yote, na chembe zisizoyeyuka zinakwaruza. Dodoki gumu, ule upande wa kijani wa sponji, gazeti, vyote hapana. Wapo watakaokuambia mafuta ya taa. Hayo yanafaa kwa lami, kwa mdudu hayana kazi kubwa. Petroli na thina ndiyo kabisa usiguse, hasa kwenye taa, kwa sababu zile ni plastiki na zinaweza kufifia au kupasuka nyufa ndogondogo. Kioo cha mbele ndicho kinachovumilia: kikilowa vizuri unaweza kupitisha wembe mpya, umeulaza, mradi usivuke kwenye mpira. Na usiwashe waipa kikiwa kikavu, utapaka uji tu.

Fungua boneti pia. Rejeta ikizibwa na mabawa, injini inapata joto mlimani. Mwagia maji ya bomba taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje, injini ikiwa imepoa, mabawa yarudi yalikoingilia.

Ukimaliza paka nta bampa, boneti na fremu za vioo vya pembeni. Safari ijayo watagandia tena, lakini fulana itakaa muda mfupi zaidi.