Unaanza fiziolojia? Fuata kinachodhibitiwa, si kiungo

Kama ndio unaanza fiziolojia, huenda umezoea kukariri kiungo kimoja kimoja: kazi za ini, kazi za figo, kazi za kongosho. Mada ya jinsi mwili unavyodumisha hali yake ya ndani haisomeki hivyo. Humo hakuna kiungo kinachofanya kazi peke yake.

Shika kitu kinachodhibitiwa, kisha kifuate popote kiendapo. Chukua sukari ya damu. Mtu mzima mwenye afya akiamka kabla ya kula, huwa kati ya miligramu 70 na 99 kwa desilita. Akila, inapanda, seli beta za kongosho zinahisi na kutoa insulini, misuli na seli za mafuta zinavuta glukosi, ini linaiweka akiba kama glikojeni. Ikishuka, seli alfa zinatoa glukagoni na ini linaachia akiba ile. Sasa jiulize: nani anapima, nani anaamuru, nani anatekeleza, na matokeo yanamrudiaje aliyepima? Hilo la mwisho wengi huliruka, nalo ndilo kiini cha mada nzima.

Ukitaka kujipima, jaribu kueleza homa. Kwa nini mtu ambaye joto lake limeshafika nyuzi 38 anatetemeka na kuomba blanketi? Udhibiti haujaharibika. Prostaglandini E2, kemikali inayotengenezwa na mwili wenyewe, imepandisha kiwango ambacho haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto, inakilenga, tuseme hadi 39, kwa hiyo mwili unajiona uko baridi: mishipa ya ngozi inajibana, misuli inatetemeka. Parasetamoli ikizuia prostaglandini, kiwango hicho kinashuka na jasho linatoka. Aliyezidiwa na joto la jua ni habari nyingine kabisa. Kwake kiwango kinacholengwa bado ni kilekile cha 37 hivi, ila mwili umeshindwa kutoa joto. Ndiyo maana anapoozwa haraka kwa maji, wala parasetamoli haimsaidii. Mweleze mwenzako tofauti hiyo bila kufungua daftari.

Mrejesho chanya, yaani pale matokeo yanapozidisha kilichoyaanzisha badala ya kukipunguza, usikuchukulie muda mwingi. Oksitosini, homoni inayokaza mji wa mimba, wakati wa uchungu wa kujifungua inatosha kwa kuanzia.

Ukifika kwenye pH ya damu, yaani kipimo cha asidi yake, ambayo hukaa kati ya 7.35 na 7.45, anza na mapafu kabla ya figo. Mapafu hurekebisha kaboni dioksidi, ambayo huongeza asidi ya damu, ndani ya dakika chache. Figo huhitaji saa nyingi, hata siku.