Kabla ya kuongeza diski ya kache, tazama ukubwa wa mafaili

Kache ya wavuti, yaani hifadhi ya nakala za mafaili inayojibu maombi ili yasifike kila mara kwenye seva ya asili, ikilegea, wengi hukimbilia kununua diski kubwa zaidi. Nawasihi msianze huko. Kwenye seva ninazozisimamia, mara nyingi shida huonekana nikishajua ni mafaili gani yaliyojaa humo na yana ukubwa gani.

Chukua kache ya megabaiti 100. Video moja ya megabaiti 90 inakalia nafasi ya picha 1,800 za kilobaiti 50. Kama aliyeitazama ni mtu mmoja na harudi tena, picha zote zilizotolewa kuipisha zitafuatwa upya kwenye seva ya asili. Kanuni iliyozoeleka, LRU, hutoa kile ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu kuliko vingine, bila kujali ukubwa wake.

Kwa hiyo amua mapema unapima nini: idadi ya maombi yanayojibiwa na kache, au idadi ya baiti zinazookolewa. Hapa mshika mbili moja humponyoka. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu mwaka 2009, intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na kila baiti iliuma, hivyo kulikuwa na sababu nzuri ya kutunza mafaili makubwa. Leo, kama kache yako iko mbele ya tovuti yako mwenyewe na unataka kurasa zifunguke upesi, vipe kipaumbele vitu vidogo vinavyoombwa sana.

Mwaka 1997 watafiti Pei Cao na Sandy Irani walieleza kanuni ya GreedyDual-Size: thamani ya kitu ni gharama ya kukileta ukigawanya kwa ukubwa wake, na chenye thamani ndogo hutoka kwanza. Squid, programu ya kache, ina mrithi wa kanuni hiyo, GDSF, anayehesabu pia kitu kimeombwa mara ngapi. Ukitaka kuokoa baiti, weka LFUDA, kanuni inayotunza vinavyoombwa mara nyingi bila kujali ukubwa, lakini pandisha na `maximum_object_size`, maana kikomo cha kawaida ni megabaiti 4 na mafaili makubwa hayataingia kabisa. Kwenye Nginx, programu ya seva ya wavuti inayofuata LRU, mimi huweka `proxy_cache_min_uses 2`, ili faili lisihifadhiwe mpaka liombwe mara ya pili, na video huzitengea kache yake. Hatua hizi mbili nazipenda kuliko zote kwa sababu ni rahisi na matokeo yake huonekana.

Hata hivyo, kuna dari, kiwango ambacho hakuna kanuni inayoweza kukivuka. Mtaalamu wa kompyuta Laszlo Belady alionyesha mwaka 1966 kwamba, vitu vikilingana ukubwa na ukiijua kesho, ni bora kutoa kile kitakachohitajika mbali zaidi. Ukubwa ukitofautiana, kanuni hiyo huvunjika. Tuseme nafasi ni megabaiti 4. Faili moja la megabaiti 4 litaombwa baada ya dakika moja, na manne ya megabaiti 1 yataombwa baada ya dakika mbili. Ukishika la karibu unajibu ombi moja. Ukishika yale madogo unajibu manne. Kupata mpangilio bora kabisa wa namna hii ni tatizo ambalo hakuna anayejua njia ya haraka ya kulitatua kwa uhakika, hata ukiwa na orodha ya maombi yote yajayo. Mwaka 2018 Daniel Berger, Nathan Beckmann na Mor Harchol-Balter walitoa njia ya kukadiria dari hiyo kutoka juu na kutoka chini.

Si lazima uzijue hesabu zao ili kuanza. Fungua kumbukumbu za maombi; kwenye `access.log` ya Squid, baiti ziko safu ya tano na anwani safu ya saba. Hesabu ni maombi mangapi yanaliita faili kwa mara ya kwanza. Ukikuta ni 40 kati ya kila 100, basi hata diski isiyo na mwisho haitavuka asilimia 60. Kama kache yako tayari inajibu 55, pesa ya diski ipeleke kwingine. Kama inajibu 25, panga kwanza kipi kiingie na kipi kisiingie, kisha pima tena kwa maombi ya wiki nzima, kwa sababu Jumapili haifanani na Jumatatu.