Mrija wa kifuani: usingoje usaha

Mgonjwa wa saratani akishawekewa mrija wa mshipa mkuu (ule mrija mwembamba wa kupitishia dawa, unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa damu kifuani), wanaomuuguza hukodolea macho kidonda: kimevimba? Kinatoa usaha? Kitazameni, sawa, ila usaha hutengenezwa na chembe nyeupe za damu, na kemo (dawa za kuua saratani) imezipunguza mno. Ngozi inaweza kuwa safi kabisa huku vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Tena mrija uliokaa wiki nyingi huingiza vijidudu zaidi kupitia mdomo wake, pale bomba la sindano linapofungwa.

Basi kazi kubwa iko hapo mdomoni. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu, kisha sugua mdomo wa mrija kwa spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 15, juu na pembeni kwenye hesi. Uache ukauke wenyewe. Usipulize wala kupepea. Ukipuliza umerudisha vijidudu vya kinywani mwako. Rudia kila unapofungua, hata kama ulifungua dakika mbili zilizopita.

Kuosha mrija kwa maji ya chumvi ya hospitali (saline), tumia bomba la mililita 10. Bomba dogo hutoa shinikizo kubwa, linaweza kupasua mrija. Sukuma kidogo, tua, sukuma tena, ili mabaki ya damu yatoke. Damu iliyoganda ni maskani ya vijidudu. Maji yakigoma, usilazimishe. Angalia kibano cha kufungia mrija kama kimefungwa au mrija umejikunja, mwambie mgonjwa ainue mkono au akohoe. Bado? Pigia wodi simu. Na dawa kali ya saratani kama doxorubicin isiingizwe kabla muuguzi hajavuta na kuona damu inarudi, maana ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama.

Plasta angavu inayofunika kidonda hubadilishwa kila siku 7, ya gozi (shashi) kila siku 2. Ikilowa au kubanduka, ni siku hiyohiyo.

Sasa homa. Nyuzi 38.3 mara moja, au 38 kwa saa nzima, ni safari ya hospitali, hata usiku wa manane. Paracetamol ya "tuone asubuhi" inashusha namba tu. Akifika, antibiotiki zianze ndani ya dakika 60. Na akitetemeka kwa baridi muda mfupi baada ya mrija kuoshwa, ushukiwe mrija wenyewe: funga kibano, usiuguse tena, na waambie madaktari hivyo hivyo. Watachukua damu sehemu mbili kwa wakati mmoja, mrijani na mkononi. Ya mrijani ikiotesha vijidudu maabara saa 2 au zaidi kabla ya ya mkononi, chanzo kimejulikana.

Wakikuta Staphylococcus aureus au fangasi wa Candida, kwa kawaida mrija hutolewa. Ndugu hubisha hapa, na tunawaelewa, kuweka mwingine ni gharama. Lakini vijidudu hivyo hujijengea utando ndani ya mrija, dawa haivifikii vizuri.

Mkono, bega au shingo ikivimba upande wenye mrija, huenda damu imeganda. Usikande. Nendeni hospitali.