Siku moja Regensburg inatosha

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha kuiona Regensburg, mji wa Ujerumani, ukitokea Munich. Inatosha kabisa. Treni ni kama saa moja na nusu, na kutoka stesheni hadi mji wa kale unatembea tu.

Anza na Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, asubuhi mapema. Usitoke bila kumwona malaika Gabrieli wa karne ya 13: yuko kwenye nguzo, anamtazama Maria aliye nguzo ya pili, na uso wote umejaa kicheko. Jiwe, lakini utadhani kapokea habari njema sasa hivi! Nilisimama pale hadi shingo ikauma.

Jirani yake kuna Porta Praetoria, lango la ngome ya Warumi ya mwaka 179. Weka kiganja kwenye mawe yale.

Kisha vuka Daraja la Mawe la karne ya 12, ufike ng'ambo ya mto Danube ndipo ugeuke. Picha nzuri iko huko. Soseji za makaa kando ya daraja ni za nguruwe, kama huli. Kasri la ukoo wa Thurn und Taxis ningeliacha, litakumalizia mchana.