Dawa ya ADHD na sura ya mwanangu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 12 ana ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kuwa makini, na kwa miezi mitano sasa anameza vidonge vya methilifenideti. Darasani ametulia, lakini mashavu yamekwisha, macho yameingia ndani na midomo inampasuka. Majirani wanasema dawa inamla sura, na mmoja ameniletea krimu ya kumng'arisha. Je, nimwachishe dawa? Mama mzazi, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Marahaba, mama. Krimu hiyo usimpake kabisa, kwa sababu nyingi za kung'arisha huwa na zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Tanzania.

Kwa jinsi ulivyoeleza, ninachokiona mimi ni mtoto asiyekula vya kutosha. Methilifenideti hupunguza hamu ya kula, hasa mchana, na mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mashavu yakipungua, uso husinyaa ukaonekana mkubwa kuliko umri. Kwa hiyo mlishe kabla ya kumpa kidonge: uji mzito wa karanga na yai la kuchemsha. Mchana akigusa chakula kidogo tu, usigombane naye. Jioni, nguvu ya dawa ikishapungua, njaa hurudi, na hapo ndipo ugali na sato, au dagaa waliokaangwa kwa mafuta, viwe vya kutosha, hata akiomba tena kabla ya kulala. Angalia pia saa ya kumpa dawa, maana kidonge cha alasiri hufukuza usingizi, na kukosa usingizi huonekana machoni. Midomo hupasuka kwa kuwa kinywa hukauka naye akawa anailamba. Maji ya mara kwa mara na mafuta ya mgando vitamsaidia.

Athari za ngozi yenyewe zipo: vipele, kuwashwa, nywele kupungua. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba plasta ya methilifenideti inayobandikwa mwilini inaweza kuondoa rangi ya ngozi isirudi tena, ila onyo hilo lilihusu plasta, si vidonge. Uso au midomo ikivimba, au akitoka malengelenge, usimpe kidonge kingine, mkimbize hospitali.

Vinginevyo, usimwachishe kabla ya kuonana na daktari wake. Uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinapaswa kupimwa kila baada ya miezi michache, na kama kwa miezi hii mitano hajapanda mizani, dai apimwe wiki hii. Uzito ukiwa umeshuka, daktari anaweza kupunguza dozi au kumbadilishia dawa.