Hujachelewa, mwanangu

Mwanangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mwalimu wako huko The Hague, Uholanzi, anataka uache piano ushike hapsikodi, kinanda kile cha kale, na miaka yako 23 inakutia hofu: "Baba, si nimeshachelewa?"

Shika. Chombo chenyewe si mgeni kwako. Piano hugonga nyuzi kwa nyundo. Hapsikodi huzidonoa, kama ninavyozidonoa za ganuni yangu ya taarabu kwa kucha nilizovaa vidoleni. Ukibonyeza, kijiti huinuka ndani na ncha yake, ambayo zamani ilichongwa kwa unyoya wa kunguru, hukwanyua uzi. Ubonyeze kwa nguvu ubonyeze polepole, sauti karibu ni ile ile. Hisia utaitoa kwenye muda: wapi ukawie, wapi uachie. Hayo umeyasikia tangu ukisinzia kwenye mkeka klabuni, nyuma ya kiti changu.

Kuhusu umri, msome Zuzana Růžičková, mpiga hapsikodi Mcheki aliyezaliwa Plzeň mwaka 1927. Utotoni mwalimu wake alitaka aende Ufaransa kusomea hapsikodi kwa mpigaji mashuhuri Wanda Landowska, lakini Wanazi wakawahi. Januari 1942 walimpeleka kambi ya Terezín, na baba yake akafia huko. Yeye na mama yake wakapitishwa kambi ya Auschwitz, kazi za suluba Hamburg, hadi kambi ya Bergen-Belsen. Alirudi nyumbani na miaka 18, mikono imeharibika, akaambiwa muziki ausahau. Akaanza upya na mazoezi ya watoto, siku nyingine kwa muda wa saa kumi na mbili. Mwaka 1947 akaingia chuo cha sanaa Prague, 1956 akashinda mashindano ya muziki ya Munich, na kati ya 1965 na 1975 akarekodi kazi zote za mtunzi Mjerumani Bach za hapsikodi. Wengi humtaja kuwa mpiga hapsikodi wa kwanza kuzimaliza. Ninapofika hapo kwenye mikono, mwanangu, huwa nasimama kidogo.

Riziki sikufichi. Zuzana naye serikali ya nchi yake ilimkata sehemu kubwa ya malipo ya nje, na alifundisha maisha yake yote. Wanaoishi kwa matamasha ya peke yao ni wachache. Kazi iliyopo zaidi ni kusindikiza waimbaji na fidla, na kufundisha. Jifunze pia kutyuni kwa sikio, maana nyuzi zile hulegea au hukaza kila hali ya hewa ikigeuka, na mpigaji ndiye fundi.

Shangazi yako anakuja huko mwezi ujao. Nimempa ule ufunguo wangu wa zamani wa kutyuni ganuni. Hautaingia kwenye hapsikodi, lakini uweke mezani kwako.

Baba yako